Hivi Waaborijini, wenyeji wa Australia, walipigana na Mwingereza, au nchi ilichukuliwa huku wakiangalia tu?

#1 Mpekuzi Huru

Wakuu, habari za jioni.

Shuleni tulisoma Majimaji, Mkwawa, Wazulu, Menelik na Waitaliano kule Adwa, mpaka Wahindi Wekundu wa Marekani. Ikifika zamu ya Australia, kitabu kinasema meli 11 za Waingereza zilitia nanga Januari 1788 zikiwa na wafungwa, na ukurasa unaofuata tayari ni kondoo na dhahabu. Wenye nchi walienda wapi? Hakuna jina la mpiganaji hata mmoja.

Hoja yangu, na nipigwe mawe: hawakupigana. Walikuwa vikundi vidogo vya wawindaji, hawana mfalme, hawana ngome, hawana jeshi. Mtu asiye na mfalme anaingia vitani kwa amri ya nani?

Naomba kuwasilisha.

#2 Chumvi Kidogo

Nimevuta kiti. Wajuzi njooni, mimi Australia najua kangaruu na kriketi.

#3 Mwalimu Mstaafu

Mpekuzi Huru, kitabu chako kimeruka kurasa nyingi. Anza nyuma ya hizo meli 11. Aprili 1770 James Cook alipotaka kushuka Botany Bay, wanaume wawili wa kabila la Gweagal walisimama ufukweni kumzuia. Wawili! Wakapigwa risasi, mmoja akajeruhiwa, na bado wakaendelea kurusha mikuki.

Jina unalolitafuta ni Pemulwuy, mtu wa kabila la Wabidjigal wa pande za Sydney. Desemba 1790 alimchoma mkuki John McIntyre, mwindaji wa gavana, ambaye wenyeji walikuwa wakimchukia na kumwogopa siku nyingi. Gavana Arthur Phillip akaghadhibika. Akamwagiza afisa wake Watkin Tench alete mateka wawili na vichwa kumi, na askari wapewe mashoka na mifuko ya kubebea vichwa hivyo. Tench akabembeleza mpaka hesabu ikashuka hadi watu sita. Msafara ukatoka, ukarudi mikono mitupu. Ukatoka wa pili, ukatopea kwenye matope, mikono mitupu tena. Afisa mmoja, William Dawes, mwanzoni alikataa kabisa kwenda. Huyu alikuwa akijifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa msichana aitwaye Patyegarang, sasa pata picha anaambiwa akakate vichwa vya kina nani.

Pemulwuy aliendelea kwa miaka kumi na zaidi. Toongabbie, Prospect, Parramatta, Mto Georges: mahindi yanachomwa, mifugo inauawa, walowezi wanakimbia mashamba. Machi 1797 aliingia na watu wake hadi mji wa Parramatta mchana kweupe, akapigwa marisau saba, akalazwa hospitali akiwa na pingu mguuni. Wiki chache baadaye akatoroka na pingu yake.

Alipouawa Juni 1802, kichwa kilitiwa kwenye pombe kali kikapelekwa Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Gavana King mwenyewe aliandika kwamba mtu huyo alikuwa balaa kwa koloni, lakini shujaa na asiyetawalika. Mwanawe Tedbury akaendeleza mapambano.

Huyo mmoja. Bado nina wengine.

#4 Chumvi Kidogo

Marisau saba na pingu juu halafu anayeyuka? Huyo ni Kinjikitile wa kwao. Mwalimu, hakuwa na maji kweli?

#5 Mwalimu Mstaafu

Chumvi, umetania lakini umegusa penyewe. Waingereza wenyewe waliandika kwamba wenyeji waliamini bunduki haimuui, kwa kuwa alishajeruhiwa mara nyingi akapona. Na alikuwa mganga. Tofauti na Kinjikitile ni kwamba hatuna habari za yeye kugawa dawa kwa wengine. Imani ilikuwa juu ya mwili wake.

#6 Mpekuzi Huru

Ahsante Mwalimu. Lakini hapo umenithibitishia. Mtu mmoja jasiri anachoma mahindi. Mimi huyo namwita jambazi wa msituni mwenye sababu nzuri. Vita iko wapi?

#7 Shamba Darasa

Mpekuzi, mimi ni mkulima, ngoja nikueleze kwa jicho la shamba. Kwa nini mahindi?

Mto Hawkesbury, kaskazini-magharibi ya Sydney, kingo zake zilikuwa na viazi vikuu vya porini. Wanawake wa Kidharug, wenyeji wa pale, walivichimba na kuvitunza ili viote tena. Kilikuwa chakula chao cha kutegemea. Mwaka 1794 walowezi wakapewa vipande vya ardhi pale pale ukingoni, kwa sababu ndipo penye rutuba. Mwaka mmoja baadaye walikuwa zaidi ya 400 kando ya mto. Viazi vikang'olewa, yakapandwa mahindi. Sasa mahindi yameiva pale ulipokuwa unachimba viazi vyako. Unakula nini? Unaingia na kuvuna. Mlowezi anaita wizi, anapiga risasi. Unarudi usiku na moto.

Kuanzia hapo mpaka 1816, miaka zaidi ya ishirini, ule mto ulikuwa uwanja wa mapigano. Mwaka 1795 walituma askari, wakaamriwa waue na kuning'iniza maiti ili wengine waogope. Jambazi wa msituni hatumiwi kikosi cha jeshi, mkuu.

#8 Sista wa Zamu

Naona mnapita juu ya kitu kikubwa kuliko bunduki. Aprili 1789, miezi kumi na tano tu baada ya meli kufika, ndui ililipuka Sydney. Wenyeji walikutwa wamekufa mapangoni na kwenye fukwe. Phillip aliambiwa na mwenyeji mmoja aitwaye Bennelong kwamba karibu nusu ya watu wa eneo lile walikufa. Arabanoo, aliyetekwa ili awe mkalimani, naye alikufa humo. Hesabu ya wapiganaji ilipunguzwa kabla vita haijakolea.

#9 Baharia Mkavu

Sista, na ndui hiyo ilipelekwa makusudi. Madaktari wa zile meli walikuja na usaha wa ndui ndani ya chupa, Tench kaandika mwenyewe. Chupa zilifunguliwa. Mambo yanajieleza.

#10 Sista wa Zamu

Baharia, chupa zilikuwepo, hilo kweli. Zililetwa kwa ajili ya kuchanjia kwa njia ya zamani. Kwamba zilifunguliwa kwa nia ya kuua, hapo umeruka. Usaha ule ulikuwa umepita tropiki na kiangazi kimoja na nusu cha Sydney, na joto huua virusi vya ndui. Wapo wanaosema ulikuwa bado hai, wapo wanaokataa. Tench naye aliwashuku hata Wafaransa wa nahodha La Pérouse waliotia nanga Botany Bay 1788. Wengine wanasema ilishuka kutoka kaskazini, kwa wavuvi wa Makassar (Indonesia ya leo) waliokuja kutafuta jongoo bahari. Wapo hata wanaosema ilikuwa tetekuwanga.

#11 Baharia Mkavu

Kutoka kaskazini mpaka Sydney ni bara zima. Ndui itembee kwa miguu kilomita elfu tatu, ifike bandarini kwa Mwingereza mwaka wa pili wa kuja kwake? Na katika koloni hakuugua mtoto mzungu hata mmoja. Aliyekufa ni baharia mmoja tu, Joseph Jeffries, mwenyeji wa Amerika.

#12 Sista wa Zamu

Wazungu wengi walishaugua ndui utotoni kwao. Watoto kutougua ndilo fumbo hasa, na ndilo linalowapa nguvu watu wa tetekuwanga... ambao nao siwaamini.

#13 Mrundi wa Perth

Nawasalimu kutoka Perth. Huku magharibi stori ni nyingine, koloni lilianza 1829. Shujaa wa huku ni Yagan, Mnoongar, yaani wa taifa la wenyeji wa huku. Baba yake Midgegooroo alinyongwa? Hapana, alipigwa risasi hadharani na serikali Mei 1833 bila kesi. Yagan akawa anatafutwa, dau limewekwa. Julai mwaka huohuo vijana wawili ndugu aliokuwa anafahamiana nao, kina Keates, wakampiga risasi. Kichwa kikakatwa, kikakaushwa kwa moshi, kikapelekwa Uingereza kuonyeshwa kwa watu. Kilikaa makumbusho ya Liverpool mpaka kikazikwa makaburini kule 1964. Wanoongar wakahangaika mpaka kikafukuliwa na kurudishwa 1997, kikazikwa huku 2010.

Sasa sikilizeni. Sanamu yake iko kisiwani hapa mtoni mjini. Mwaka huohuo 1997, kichwa cha kweli kimerudi, watu wasiojulikana walikwenda wakakata kichwa cha SANAMU kwa mashine ya kukatia chuma. Kikabandikwa kipya. Wakakata tena. Miaka 164 baadaye mtu bado ana hasira na Yagan kiasi hicho, halafu tuambiwe hawakupigana?

Kazini kwangu kila mkutano unafunguliwa kwa kuwatambua Wanoongar kama wenye ardhi. Mara ya kwanza nilidhani ni sala.

#14 Arap Mlima

Wueh, hii ya vichwa naijua. Sisi Wanandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa Mwingereza Meinertzhagen Oktoba 1905 akiwa amekuja kwa mazungumzo ya amani, na kwetu inasemwa kichwa kilienda Uingereza. Bado tunadai.

#15 Kalenga Juu

Angalau cha Mkwawa kilirudi 1954. Cha Pemulwuy je?

#16 Mwalimu Mstaafu

Hakijapatikana. Mwaka 2010 wazee wa Sydney walimwomba Prince William asaidie kukitafuta.

#17 Chumvi Kidogo

Hawa Waingereza walikuwa wanafungua duka la vichwa au?

#18 Gobore la Babu

Niwarudishe kwenye silaha maana kila mtu anasema "bunduki dhidi ya mikuki" kama vile mambo yameisha. Babu yangu kule Rukwa alikuwa na gobore, nimelishika. Unamimina baruti, unashindilia, unaweka risasi, unashindilia tena, ndipo unalenga. Ukikosa, anza upya. Mvua ikinyesha umeshika rungu. Silaha za askari wa 1790 zilikuwa za mpangilio huohuo, na mtu akisimama mbali kidogo unapiga kwa kubahatisha.

Mwenzako ana mkuki na woomera, kile kipande cha mti cha kuurushia, kinachoongeza nguvu na umbali. Wakati unashindilia baruti, yeye amerusha mitatu. Halafu anaijua nchi. Wenyeji walijifunza haraka sana: wanachokoza mpaka upige, kisha wanakuvamia bunduki ikiwa tupu. Kwa hiyo miaka thelathini ya mwanzo bunduki haikuwa na ubabe huo mnaousema.

Kilichowamaliza ni FARASI. Milima ya Blue Mountains ilivukwa 1813, nyuma yake ni tambarare. Porini unajificha, tambarare mpanda farasi anakukuta.

#19 Shamba Darasa

Farasi na kondoo. Kondoo ni jeshi, mkuu. Wanakula mizizi, wanachafua visima, kangaruu wanahama.

#20 Mwalimu Mstaafu

Gobore kanifungulia njia ya kwenda Bathurst. Ng'ambo ya milima hiyo ni nchi ya Wawiradjuri, na kiongozi wao Windradyne. Inasimuliwa kwamba mlowezi mmoja aliwapa watu wake viazi ulaya, kesho yake wakarudi kuchimba vingine wakidhani ni vya wote, wakapigwa risasi. Mwaka 1824 wakavamia maboma ya wachungaji mfululizo mpaka Gavana Brisbane akatangaza sheria ya kijeshi, Agosti 14. Kwa kichwa cha Windradyne zikawekwa ekari 500.

Hawakumkamata. Desemba 28 alitokea mwenyewe Parramatta na watu wake, kwenye karamu ya kila mwaka ya gavana, amevaa kofia iliyoandikwa "amani". Sheria ya kijeshi ilikuwa imeshaondolewa. Mpekuzi, unaona? Sheria ya kijeshi. Serikali haitangazi hiyo kwa wezi wa mahindi.

#21 Mpekuzi Huru

Naona, naona. Ila Mwalimu mbona unaruka walioangamizwa? Nimeanza kusoma na mimi. Appin, Aprili 1816, askari wa Kapteni Wallis waliwasukuma watu usiku kwenye genge la mto, wakafa wasiopungua 14, wakiwemo wanawake na watoto. Hapo hamna vita, pana mauaji. Mnachanganya vitu viwili.

#22 Arap Mlima

Vita ya mkoloni wapi ilikosa mauaji?

#23 Bibi Hesabu

Hamjagusa Tasmania, kile kisiwa cha kusini, na ndiyo kiini. Tangu katikati ya miaka ya 1820 mpaka 1831 paliwaka hasa. Walowezi zaidi ya 200 waliuawa, na wenyeji waliouawa ni wengi zaidi. Gavana George Arthur akatangaza sheria ya kijeshi Novemba 1828. Haikutosha. Oktoba 1830 akakusanya wanaume wapatao 2,200, askari, wafungwa na raia, akawapanga mstari mmoja kukatiza nchi ili wawasukume wenyeji kwenye rasi kama samaki kwenye wavu. Wiki kadhaa za mvua na baridi. Matokeo: wakakamata wawili, wakaua wawili. Wengine wote walipenya katikati ya mstari.

#24 Chumvi Kidogo

Watu 2,200 kukamata wawili. Kila mateka mmoja alihitaji watu 1,100. Na walikula posho?

#25 Bibi Hesabu

Walikula. Lakini usicheke sana, maana ule mstari uliwaonyesha wenyeji kwamba hawana tena pa kukimbilia. Tongerlongeter, kiongozi wa taifa la Oyster Bay, alikuwa ameshapoteza mkono kwa risasi. Desemba 31, 1831 alikubali kusimamisha mapigano mbele ya G. A. Robinson, mjumbe wa serikali. Kundi lake na la washirika wake, mataifa mawili yaliyoitia hofu serikali nzima, lilikuwa limebaki watu 26. Wakapelekwa Kisiwa cha Flinders na wengi wakafia huko. Arthur baadaye aliandika kwamba lilikuwa kosa baya kutofunga mkataba na wenyeji tangu mwanzo.

Na msisahau wanawake. Tarenorerer, aliyetekwa akiwa kijana akauzwa kwa wawinda sili, alijifunza bunduki kwao, akatoroka, akaenda kuwafundisha watu wake kuitumia.

#26 Mkongo wa Goma

Mimi naona hamujibu swali la kwanza. Mpekuzi alisema bila mfalme hakuna vita. Mimi nasema bila mfalme vita haiishi! Ukiwa na mfalme, mzungu anamukamata mmoja, anasainisha, imekwisha. Kule lugha zaidi ya 250, kila taifa na nchi yake. Unamaliza Hawkesbury, unakuta Bathurst. Unamaliza Bathurst, unakuta wengine. Ndiyo sababu ilichukua zaidi ya miaka mia.

#27 Gobore la Babu

Na ndiyo sababu walishindwa pia. Mataifa 250, Mwingereza anapigana na moja moja. Baadaye akaunda polisi wa wenyeji, anachukua vijana wa mbali na kuwatumia kwa wasiowajua. Kule Queensland hao ndio waliofanya kazi chafu.

#28 Bibi Hesabu

Musquito je? Alikuwa mtu wa pande za Sydney, akahamishiwa Kisiwa cha Norfolk mwaka 1805, kisha Tasmania 1813. Akatumika kuwasaka wafungwa watoro, mwisho akajiunga na Watasmania akawaongoza kuwashambulia walowezi. Alinyongwa Februari 1825. Huyo mtamweka upande gani?

#29 Baharia Mkavu

Kuna mwingine wa kuwachanganya. John Caesar, mfungwa mweusi aliyekuja na meli zile za kwanza, wengine wanasema alizaliwa Madagaska. Mtu mrefu, mwenye njaa ya kudumu, anatoroka kila mara. Mwishoni mwa 1795 alipambana na Pemulwuy akamjeruhi vibaya kichwani, serikali ikafurahi. Miezi michache baadaye serikali hiyohiyo ikamwekea dau, akapigwa risasi Februari 1796.

#30 Kalenga Juu

Mtu mweusi kaletwa na pingu kutoka Uingereza kwenda kumpiga mtu mweusi kwenye nchi yake. Naenda kulala.

#31 Wakili Msomi

Nimesoma uzi wote. Nadhani jibu la Mpekuzi liko kwenye sheria. Uingereza haikutambua mamlaka yoyote ya wenyeji juu ya ardhi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walihesabiwa raia wa mfalme. Raia hawezi kuwa adui wa kivita, anakuwa mhalifu. Ukikubali ni vita, lazima ukubali upande wa pili ulikuwa na nchi ya kutetea, na wakili wako atauliza mkataba uko wapi.

Kuna aliyejaribu mkataba. John Batman, 1835, eneo la Melbourne, alitoa mablanketi, visu na vioo, akadai amepata kama ekari 600,000. Gavana Bourke akaufuta. Siyo kwa kuwa wenyeji walipunjwa, la! Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya mfalme na wenyeji hawakuwa na cha kuuza. Mahakama Kuu ya Australia haikuitupa hoja hiyo mpaka kesi ya Mabo, Juni 1992.

#32 Chumvi Kidogo

Karl Peters alau alijisumbua kuandika karatasi na zikakubaliwa kwao.

#33 Mpekuzi Huru

Wakili, nzuri, lakini sheria hiyohiyo ilitangaza hali ya kijeshi mara mbili dhidi ya "raia". Na 1838 iliwanyonga wazungu saba kwa kuua wenyeji wasiopungua 28 Myall Creek. Sheria gani inayogeuka hivyo? Mimi bado nasema ni upinzani, vita ni neno kubwa.

#34 Mrundi wa Perth

Makumbusho ya vita ya Canberra ilikataa miaka mingi kuviweka vita hivi. Mwaka 2022 wakasema wataongeza sehemu yake, kelele zikaanza upya. Huwezi kupiga kelele hizo kwa ajili ya mahindi.

#35 Bint Kilwa

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mliosema wavuvi wa Makassar: mnajua mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu za shaba za KILWA kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, nchi ya Wayolngu? Tano. Na nne za Waholanzi.

#36 Chumvi Kidogo

Tulifika kabla ya Cook. Uzi ufungwe.

#37 Bint Kilwa

Usifunge. Hakuna anayejua zilifikaje. Wapo wanaosema Wareno baada ya kuipora Kilwa 1505, wapo wanaosema wafanyabiashara wa Kilwa wenyewe, wapo wanaosema ni hao wa Makassar. Ninachokipenda ni kwamba Wayolngu na watu wa Makassar walifanya biashara ya jongoo bahari kwa vizazi, wanakuja na upepo wanaondoka na upepo. Magomvi yalikuwepo lakini nchi haikuchukuliwa. Kwa hiyo aliyesema Waaborijini walichukia kila mgeni...

#38 Gobore la Babu

Nani kasema hivyo?

#39 Bint Kilwa

Mtasema tu.

#40 Sista wa Zamu

Baharia, nimerudi. Hao hao wa Makassar wenye jongoo bahari ndio wanaotajwa kwenye ndui. Sasa Bint Kilwa kakupa ushahidi kwamba njia ya kaskazini ilikuwa na watu na bidhaa.

#41 Baharia Mkavu

Kanipa sarafu tano. Ndui ya Sydney ilianza Sydney. Nionyeshe kijiji kimoja kati ya Wessel na Sydney kilichoandikwa kuugua kabla ya Aprili 1789.

#42 Sista wa Zamu

Aliandika nani, mkuu? Mzungu hakuwepo huko.